Zawadi kwa Mtunza Bustani

Somo: Luka 13:6-9



Vuli imekaribia, na nyuma ya vuli yaja Krismasi. Katika nyumba zetu maswali ni yale yale ya kila mwaka: watoto wapewe nini, jirani apelekewe nini, na wazee wetu je? Kwa watoto kazi si ngumu. Shati jipya, daftari na peremende, nao hufurahi. Lakini kwa mzee aliyelima bustani yake miaka 40 au 50 twashindwa. Jembe analo. Mbegu anazo, tena yeye ndiye tunayemwomba tukipungukiwa. Machungwa yake twayala sisi. Mwisho twanunua kitenge au shati, twaweka kipande cha sabuni juu yake, twasema, "Basi, atapokea." Naye hupokea, hushukuru kwa mikono miwili, kisha hukiweka sandukuni pamoja na vya mwaka jana.

Hatusemi kwamba kitenge ni zawadi mbaya. Twasema kwamba mtu aliyetoa maisha yake kutunza udongo na miti astahili kufikiriwa, na kumfikiria mwenzako ni kazi ya upendo. Katika mtaa wetu wazee wa namna hii ni wengi. Wengine ni akina bibi ambao vitalu vyao vya mchicha na nyanya vimesomesha wajukuu. Wengine ndio wanaoleta maua ya altare kila Jumamosi jioni, wala hakuna aliyewaomba. Mwezi huu tuitafakari habari hii pamoja, tukianza na mtunza bustani mmoja aliyemo katika Injili. Jina lake hatukuambiwa, lakini twajua alitaka nini.

MTUNZA BUSTANI ALIOMBA NINI

Bwana wetu alisimulia habari ya mtu aliyekuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Miaka 3 alikuja kutafuta matunda, asipate. Akaamuru mti ule ukatwe, maana aliona unakalia ardhi bure. Ndipo mtunza shamba akamsihi auache mwaka ule mmoja zaidi, ili apate kuchimba udongo kuuzunguka na kuutilia samadi. Ukizaa, vema, usipozaa, basi hapo ukatwe.

Tunaposikia somo hili kanisani, kwa kawaida twajiona sisi kuwa ndio mtini, na ni haki tujione hivyo. Lakini leo tumtazame yule mtu mwenye jembe. Ni fundi wa kazi yake. Bwana mwenye shamba amesimama mbele yake, tayari kusikiliza, na hii ndiyo nafasi ya kuomba. Hakuomba nyongeza ya mshahara. Hakuomba mtini mwingine ulio bora. Aliomba muda, na ruhusa ya kuchimba, na samadi.

Tuangalie vizuri ombi hili, maana ndani yake mna karibu yote tutakayosema. Kwanza, alichoomba si kwa ajili yake mwenyewe bali kwa ajili ya mti. Pili, samadi ni kitu cha bei ndogo, ambacho mtu asiye mkulima hukikwepa akiwa njiani. Tatu, alichohitaji kuliko vyote ni mwaka mmoja, na mwaka haununuliwi sokoni. Kama siku ile tungalimletea kanzu nzuri yenye tarizi, angalishukuru, lakini macho yake yangalirudi kule kwenye mtini.

Basi twajifunza hivi: mtunza bustani wa kweli moyo wake uko bustanini, na zawadi imfaayo ni ile iifikiayo bustani.

TUMTAZAME KWANZA, TENA TUMWULIZE

Mtu asiyejua kilimo akiingia dukani kumnunulia mkulima hodari, hununua kile kinachong'aa. Hapo ndipo makosa huanzia. Mzee mwenye jembe lake la miaka 15 amekwisha kuuchonga mpini wake ukalingana na urefu wake na mkono wake. Jembe jipya la dukani kwake ni mgeni. Lakini tukimtazama akifanya kazi, tutaona mambo ambayo yeye mwenyewe hayasemi. Tutaona kwamba analinoa panga lake juu ya jiwe la mlangoni, kwa sababu tupa yake imekwisha meno. Tutaona kwamba anabeba maji kwa ndoo iliyotoboka, nayo humwaga nusu njiani. Tutaona kwamba akiisha kupalilia mstari mmoja hushika kiuno na kutafuta mahali pa kuketi. Tutaona anaisogeza pakiti ya mbegu mbali na macho asome maandishi yake, kisha humpa mtoto amsomee.

Huyo amekwisha kutuambia. Tupa mpya, ndoo nzima au keni ya kumwagilia, kigoda kifupi cha kuketi akipalilia, miwani ya kusomea iliyopimwa machoni pake. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho watu watakipigia makofi siku ya sikukuu. Lakini kila asubuhi akiingia bustanini atakishika kimoja, na kila akikishika atajua kwamba yuko mtu aliyemtazama.

Tena tusione aibu kuuliza. Wengine wetu twapenda zawadi iwe ya kushtukiza, nasi twaogopa kwamba tukiuliza tutaiharibu. Sivyo. Bwana wetu mwenyewe alimwuliza kipofu wa Yeriko anataka afanyiwe nini, ingawa kila mtu aliona wazi kwamba ni kipofu. Kuuliza ni heshima. Mtu aliyetumia miaka mingi kujifunza kazi hufurahi sana aulizwapo habari ya kazi hiyo. "Bibi, mwaka huu bustani yakusumbua wapi?" Swali hilo lafaa kuliko safari tatu za dukani, na jibu lake litakuwa refu. Tukae tulisikilize mpaka mwisho.

VITU VYA KAZI

Tuseme sasa machache kuhusu vitu vyenyewe, ili ye yote atakaye kununua asipotee.

Mkasi wa kupogolea ni zawadi njema kwa mwenye michungwa, mawaridi au kahawa. Lakini iko mikasi ya namna mbili. Mmoja makali yake hupishana kama ya mkasi wa fundi cherehani. Huo hukata vizuri matawi mabichi bila kuyaponda. Mwingine una ubapa mmoja wenye makali unaoshuka juu ya bapa butu. Huo wafaa zaidi matawi makavu. Tena, mtu wa mkono wa kushoto hupata taabu na mkasi uliotengenezwa kwa mkono wa kulia. Nani kati yetu amewahi kuangalia kama babu hukata kwa kushoto?

Mbegu ni zawadi nzuri, lakini zataka akili. Tusome tarehe kwenye pakiti. Mbegu za vitunguu huchakaa upesi. Zikikaa mwaka mmoja au miwili huanza kukataa kuota, hali mbegu za nyanya zikitunzwa pakavu hudumu miaka kadhaa. Tukumbuke na mahali. Mboga za baridi zinazositawi Lushoto juu milimani hazitasitawi vile vile Muheza penye joto. Tena wako wazee watunzao mbegu zao wenyewe mwaka hata mwaka, na ukimpa mbegu chotara, zao la kwanza litampendeza, lakini akitunza mbegu za zao hilo akazipanda tena, hazitafuata mama yao. Atajiona amepunjwa. Kwa mzee kama huyo, afadhali vyombo vya kutunzia mbegu alizo nazo: chupa za kioo zenye vifuniko vya kukaza, na vipande vya karatasi vya kuandikia majina.

Samadi ni zawadi ambayo watu huionea haya. Tusiione haya, maana imo katika Injili. Kwa mtu asiye na ng'ombe wala gari, shida yake kubwa mara nyingi si kuipata bali kuifikisha shambani. Ndugu wawili wakichanga wakakodi gari moja la samadi iliyooza vizuri, wakaishusha pale bibi anapoitaka, wamemfanyia sikukuu. Twasema iliyooza vizuri, kwa maana samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mimea. Mtunza bustani mzoefu ataichukua kiganjani na kuinusa, kisha utaona uso wake.

Na maji. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Basi paa la bati lenye mita mraba 50, mvua ya milimita 20 ikilipiga, lamwaga karibu lita 1,000, ukiacha yanayopotea. Maji hayo yote huchimba shimo chini ya upenu na kwenda zake. Watoto wa nyumba moja wakishirikiana kununua mfereji wa bati na pipa moja, mama yao hatabeba ndoo nyingi kama mwaka jana. Wakiongeza kipimo cha mvua na daftari la kuandikia, watakuta kwamba mama aliyekuwa akiisema mvua kwa kukumbuka sasa aiandika kwa siku na milimita, na majirani waja kumwuliza.

KUMPELEKEA MMEA MWENYE MIMEA

Zawadi ambayo wengi huifikiria kwanza ni mmea. Ni sawa, nasi wa mkoa huu tunayo habari ya kukumbuka. Mwaka 1892 mtawala mmoja Mjerumani aliyekuwa akikaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la rangi ya zambarau linaloota kwenye mawe yenye kivuli na unyevu. Baba yake kule Ujerumani alikuwa mpenzi mkubwa wa mimea, naye mwana akampelekea ua lile. Baba akalionyesha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaliandika katika elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia. Tangu hapo limeenea. Leo liko madirishani mwa nyumba nyingi Ulaya na Marekani, na watu hupeana kama zawadi, wengi wao wasijue kwamba asili yake ni mawe ya Tanga na Usambara.

Lipo la kufurahia katika habari hii, nalo ni kwamba mwana alimjua baba yake. Alipoona ua, alimkumbuka mtu ambaye angeliona kama alivyoliona yeye. Tena ua hili jani lake moja likichomekwa katika udongo wenye unyevu hutoa mche mpya, hivyo aliyepewa huweza naye kumpa mwingine. Lakini yapo pia ya kuhuzunisha. Jina lililopewa ua ni la mgeni, wala si la watu waliokaa nalo tangu zamani. Na huku kwetu, mahali msitu ulipokatwa na kivuli kikaondoka, ua hili limepungua sana, hata baadhi ya aina zake za porini ziko hatarini kutoweka. Yaweza kutokea kwamba kitu kikasitawi katika vyungu vya dunia nzima huku kikifa nyumbani kwao. Basi tunapompa mtu mmea, tujiulize umetoka wapi, na je, huko ulikotoka yamebaki mengine?

Liko na jambo la pili, zito zaidi. Mmea haendi peke yake. Mche wa mgomba na vipandikizi vya muhogo hubeba magonjwa yasiyoonekana kwa macho ya haraka. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ulikuwa umekwisha ingia Kagera. Mojawapo ya njia zake za kusafiri ni hizi: miche iliyobebwa na watu toka shamba moja hata lingine, na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata ulio mzima. Batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo nayo husafiri ndani ya vipandikizi. Wengi waliobeba hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wakienda kuwasalimu ndugu, nao hawakutaka kwenda mikono mitupu.

Kwa hiyo tukitaka kumpa mkulima hodari mche, tuununue kwenye kitalu kinachojulikana na maafisa wa kilimo, nasi tumwambie umetoka wapi, tena tusiudhike akiuweka kando wiki kadhaa kuutazama kabla ya kuupanda. Anailinda kazi ya maisha yake. Na kwa mtu mwenye umri mkubwa tuchague mche uliobebeshwa. Mchungwa uliobebeshwa huanza kuzaa katika miaka 3 au 4, hali uliopandwa kwa mbegu hungojewa miaka mingi zaidi. Hata hivyo mtakuta wazee wa miaka 80 wapandao miti ambayo hawatakula matunda yake. Hao tusiwakataze. Wanayo imani ambayo vijana wengi hatujaifikia.

ZAWADI YA AHABU

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike habari hii. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 21, twasoma habari za Nabothi, mtu wa Yezreeli, aliyekuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka alifanye bustani ya mboga. Akamwahidi Nabothi shamba jingine lililo bora kuliko lile, au fedha kwa thamani yake.

Mbele ya dalali ahadi ile ilikuwa ya haki, hata ya ukarimu. Shamba bora kwa shamba la kawaida! Lakini Nabothi alikataa, kwa sababu lile lilikuwa urithi wa baba zake. Ahabu hakuelewa. Alirudi nyumbani amenuna, akajilaza kitandani, akakataa chakula. Yaliyofuata twayajua: Yezebeli, barua, mashahidi wa uongo, na mawe.

Twaja kwetu. Wako watoto wa mtaa huu waliofanikiwa Tanga mjini na Dar es Salaam, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Wanakuja likizo, wanamwona mama yao mwenye miaka 78 ameinama katika matuta, na huruma inawashika. Wanasema, "Mama, umechoka. Shamba tuliuze, uje ukae nasi mjini. Utakuwa na kochi na televisheni, hutashika jembe tena." Hawa si akina Ahabu. Wanampenda mama yao. Lakini yafaa wajue kwamba maneno hayo masikioni mwake yaweza kusikika kama yale ya Ahabu. Wanampa kitu kizuri, na bei yake ni kila kitu kilichomfanya aamke mapema. Hapo nyumbani yeye ni mtu ambaye majirani huja kumwomba mche wa mpapai. Kule mjini atakuwa mgeni wa mkwewe. Wengi wetu tumewaona wazee waliohamishwa hivyo. Mwili hukaa kwenye kochi, na kila mvua ikinyesha huuliza, "Huko nyumbani nako imenyesha?"

Hatusemi kwamba haifai kamwe kumhamisha mzee. Yako magonjwa, uko upweke, na wakati mwingine hapana njia nyingine. Twasema kwamba zawadi isiyoulizwa, tena ya kumng'oa mtu, si zawadi mpaka yeye mwenyewe ameikubali. Kama ni miguu iliyochoka, bustani na isogezwe karibu na mlango, matuta yainuliwe juu asiiname sana, kijana wa kumsaidia apatikane siku mbili kwa wiki. Na kama hana budi kuhama, asihame mikono mitupu. Naamani Mshami, aliporudi kwao, alimwomba Elisha udongo, mzigo wa nyumbu wawili; nabii aliyekuwa amekataa fedha yake hakumnyima udongo. Basi na mama achague mwenyewe vipandikizi atakavyo kwenda navyo, makopo na vyungu vipakiwe garini kabla ya kochi, na aambiwe waziwazi ni nani atakayeyatunza yanayobaki. Hilo la mwisho lisisahauliwe. Kinachowatesa wazee wengi usiku ni hofu ya kwamba wakiondoka miti itakatwa.

MIKONO NA MUDA

Mtunza mizabibu aliomba mwaka. Sisi hatuwezi kumpa mtu mwaka, lakini Jumamosi moja twaweza. Vijana wa Kanisa, neno hili ni lenu. Kwa wengi wa wazee wetu zawadi iliyo kubwa kuliko zote ni vijana wanne kuingia bustanini asubuhi moja kabla ya vuli, na majembe yao wenyewe.

Lakini mwende kama wanafunzi. Ulizeni mahali pa kukanyaga. Ulizeni lipi ni gugu, maana mnafu na mlenda huota zenyewe, na kijana mwenye bidii huweza kung'oa kitoweo cha wiki nzima akitaraji kusifiwa. Fanyeni kazi kama mwenyewe apendavyo, hata kama mlifundishwa shuleni njia nyingine. Kazi ikiisha, kaeni kivulini mmwulize: mbegu hii aliipata wapi, mti ule ulipandwa mwaka gani, mvua ya mwaka fulani ilikuwaje. Mmoja wenu aandike. Mtu hodari wa bustani akifa, mengi huzikwa pamoja naye yasiyoandikwa katika kitabu cho chote, na hakuna atakayeweza kumwuliza tena.

Iko na zawadi moja ambayo ni ya kupokea. Mtunza bustani hupenda kutoa. Mkungu wa ndizi, fungu la mchicha, maua ya altare: kwa njia hii yeye huzungumza nasi. Twapokea, twasema ahsante, yakaishia hapo. Tumrudie tumwambie yale machungwa yalikuwaje, nani alikula, mtoto yupi aliomba jingine. Siku ya Sikukuu ya Mavuno, mazao yanapopigwa mnada nje ya kanisa, watu hutaja bei tu. Yafaa litajwe na jina la aliyelima.

BUSTANI YA MUNGU

Ndugu zetu, tumekuwa tukisema habari za wazee wetu, lakini yuko Mtunza Bustani mwingine ambaye kila mwaka twamletea zawadi. Bwana Yesu alituambia kwamba Baba yake ndiye mkulima, nasi tu matawi. Tena asubuhi ya Ufufuo, Mariamu Magdalene alipomwona Bwana pale kaburini, alidhani kuwa ndiye mtunza bustani. Machozi yalimpotosha macho, lakini wengi katika Kanisa wameona kwamba hakukosea sana.

Basi tumpe nini yeye aliye na vyote? Zaburi ya 50 inatukumbusha kwamba kila mnyama wa mwituni ni wake, hata tukileta ng'ombe zetu zote hatujamwongezea kitu. Nasi huwa twamfanyia Mungu kama tuwafanyiavyo wazee. Twamletea vinavyong'aa: vitambaa vipya, kwaya yenye sare, sadaka inayotajwa kwa sauti. Anavipokea, maana ni mpole. Lakini moyo wake uko bustanini, penye ule mtini usiozaa. Anachotaka ni kuruhusiwa kuchimba. Kuchimbwa kwauma, na samadi hainukii vizuri. Mara nyingi huja kwa sura ya ugonjwa, au karipio la rafiki, au jirani tuliyegombana naye ambaye sasa hatuna budi kumwendea. Tukikubali, tumempa zawadi ambayo hakuna awezaye kumpa kwa niaba yetu.

Na mwaka huu mmoja zaidi ambao aliuomba kwa ajili yetu tungali ndani yake. Tuutumie. Kabla vuli haijaanza kunyesha sana, kila nyumba na imchague mzee mmoja mwenye bustani, iende ikamtazame, ikamwulize. Atakayeleta tupa na alete tupa, atakayeleta samadi na alete samadi. Atakayekuwa hana kitu, na alete mikono yake.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyempanda mwanadamu wa kwanza katika bustani ukampa kazi ya kuilima na kuitunza: uwabariki wazee wetu walioinama miaka mingi ili sisi tule. Uwape nguvu za kutosha kwa kila siku, na mvua kwa wakati wake. Utupe sisi macho ya kuwaona na masikio ya kuwasikiliza, tusije tukawapa tusichoulizwa na kuwanyima walichohitaji. Uchimbe na udongo wa mioyo yetu, tupate kukuzalia matunda; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.